Foleni Iliyohama Mto Kilombero

Msafiri aliyetaka kwenda Mahenge kutoka Ifakara, katika miaka yote kabla ya kujengwa kwa daraja, alikuwa na jambo moja la kuwauliza wenyeji kabla ya kuondoka, nalo halikuwa umbali wala nauli, bali hali ya kivuko: je, kinafanya kazi leo, kiko ng'ambo ipi, na magari mangapi yamekwisha tangulia? Maana Mto Kilombero, unaokusanya maji ya Ruhudji, Mnyera na Mpanga pamoja na mito midogo isiyo na idadi inayoporomoka kutoka milima ya Udzungwa, haukuwa na njia nyingine ya kuvukwa na gari katika upande ule isipokuwa pantoni la Kivukoni. Na kila lori la mpunga, kila basi la abiria, na kila gari la mgonjwa aliyekuwa akikimbizwa Hospitali ya Mtakatifu Fransisko mjini Ifakara, lilisimama ukingoni kungoja zamu yake, ama kwa nusu saa, ama kwa nusu siku, kwa kadiri ya rehema ya maji, ya mashine, na ya idadi ya waliotangulia.

Tumezoea kuihesabu foleni kuwa ni maradhi ya miji mikubwa, na mtu akitaja msongamano wa magari fikra za msikilizaji hukimbilia Ubungo na Mwenge jijini Dar es Salaam, au Nairobi katika Barabara ya Mombasa, au Kampala pale bodaboda zinapopenya kati ya magari mithili ya maji. Walakini Ifakara, mji ambao hata leo baiskeli haijapokonywa heshima yake, uliijua foleni kwa dhati miaka mingi kabla ya lami kuufikia. Wala si ajabu, kwa kuwa usuli wa foleni si wingi wa magari peke yake. Magari 20 tu yanatosha kufanya foleni ya kutwa pakiwa na mahali pembamba pasipo na njia ya pili, na magari 1,000 huweza kupita bila ya bughudha pakiwa papana. Na ukipapanua mahali pale pembamba, foleni haifi, bali huondoka na kwenda kutafuta wembamba unaofuata. Jambo hili, ambalo katika Dar es Salaam limefunikwa na mambo mengine elfu, katika bonde la Kilombero laonekana waziwazi, na ndiyo sababu ya kulichukua bonde hili kuwa darasa.

Wajuzi wa hesabu wamelishughulikia suala la kungoja kwa zaidi ya karne moja. Agner Krarup Erlang, mtu wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, alichapisha mwaka 1909 risala juu ya simu zinazoingia kwa nyakati zisizotabirika, na kanuni zilizotokana na kazi yake zinahukumu sawasawa juu ya simu, juu ya wagonjwa katika dirisha la dawa, na juu ya malori ukingoni mwa mto. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kivuko kina uwezo wa kuvusha magari 10 kwa saa, na yanayofika ni 8. Mtu atadhani hapana haja ya kungoja, maadamu uwezo unazidi haja. Lakini magari hayaji kwa kupangwa, huja makundi makundi, hakuna hata moja kwa nusu saa, kisha saba kwa mkupuo, na nafasi iliyopotea wakati kivuko kilipokaa bure hairudi tena. Tena kadiri haja inavyoukaribia uwezo, muda wa kungoja hauongezeki kwa kiasi, bali hupaa: gari moja linaloongezeka kutoka 8 hadi 9 huleta kungoja kwingi zaidi kuliko magari matatu yaliyoongezeka kutoka 4 hadi 7. Hapo ndipo dereva wa mjini apatapo jibu la fumbo linalomshangaza kila shule zifungwapo, kwamba magari yaliyopungua ni machache, lakini njia imekuwa nyeupe.

Kivuko cha Kilombero kilikuwa na ila nyingine iliyozidi ile ya kuchelewesha. Mwaka 2002 watu wengi walighariki katika mto ule kwa ajali ya kivuko, na Januari 2016, wakati nguzo za daraja jipya zilikwisha simama karibu yake, kivuko kikazama tena kwa dhoruba. Daraja lenyewe, lenye urefu wa mita 384, lilizinduliwa rasmi Mei 2018 na Rais John Magufuli, ambaye aliujua mradi ule tangu alipokuwa Waziri wa Ujenzi, likapewa jina lake. Tangu hapo wilaya za Ulanga na Malinyi zimeungana na Ifakara kwa mwendo wa dakika chache, na ule mji mdogo wa kungoja, wenye mama lishe wake, wauza perege na kambale, na vijana wa kubeba mizigo, ukapoteza riziki iliyotokana na mashaka ya wengine. Sisemi kwamba lilikuwa jambo la kuhuzunisha. Nasema kwamba kila foleni ina watu wanaoishi kwayo, na mpangaji wa barabara asiyewahesabu hao atashangaa kesho atakapowakuta wamehamia kandokando ya barabara yake mpya.

Basi foleni ilipoondoka mtoni ilikwenda wapi? Ilikwenda kaskazini, katika njia ya kutokea bondeni. Mtu akitazama ramani ataona kwamba bonde la Kilombero, ingawa ni pana na lina ardhioevu iliyoingizwa mwaka 2002 katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu kwa dunia nzima, lina mlango mmoja mkuu kuelekea Morogoro na pwani, nao ni mwembamba: upande wa magharibi umesimama ukuta wa Udzungwa, uliofanywa hifadhi ya taifa mwaka 1992, na upande wa mashariki yametandazwa mashamba ya miwa ya Kilombero, yaliyoanza katika miaka ya 1960, na katikati ya mlima na miwa, barabara na reli ya TAZARA na vijiji vinagombania ukanda ule ule. Katika msimu wa kuvuna, matrekta yenye matela ya miwa huingia barabarani na kutoka, yakienda mwendo wa baiskeli, na nyuma ya tela moja hujipanga mabasi na malori ya mchele ambayo dereva wake kila mmoja ana haraka yake, yakitoka kwa kudonadona kama mpunga unaomiminwa gunia zima katika mdomo wa chupa.

Kabla ya lami, ukanda huu ulikuwa na kizuizi kikubwa zaidi ya miwa, nacho ni tope. Kilometa zipatazo 67 kutoka Kidatu hadi Ifakara zilikuwa za vumbi wakati wa kiangazi na za utelezi wakati wa masika, na lori moja likinasa katikati, barabara nzima ilikuwa imefungwa kwa hukumu ya lori hilo. Ujenzi wa lami, pamoja na daraja jipya la Ruaha Mkuu, umeiondoa adha hiyo. Na katika ujenzi huo lilitendeka jambo ambalo wengi walicheka waliposikia, kwamba karibu na Mang'ula tembo nao walijengewa njia yao ya kupita chini ya barabara, ili waendelee kusafiri baina ya Udzungwa na mapori ya Hifadhi ya Nyerere kama walivyosafiri mababu zao. Mimi sikucheka. Katika barabara zote nizijuazo nchini, ni nadra kumwona msafiri aliyepangiwa njia yake kabla msongamano haujamfika, na ni jambo la kutafakari kwamba aliyepata bahati hiyo hapigi kura wala halipi ushuru.

Fikra ya kuufungua mlango wa bonde si mpya. Mnamo mwaka 1929, katika siku za utawala wa Waingereza, mtu aitwaye Telford aliandika taarifa yake juu ya maendeleo ya mabonde ya Rufiji na Kilombero, na mwaka huo huo mhandisi Clement Gillman akatoa taarifa ya upimaji wa reli ya kuufungua upande wa kusini-magharibi wa Tanganyika. Reli ikaja baadaye sana, nayo haikutoka kwa Waingereza: wajenzi wa Kichina na wenzao wa Tanzania na Zambia waliilaza TAZARA, kilometa 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi, baina ya mwaka 1970 na 1975, ikapita Kidatu, Mang'ula, Ifakara na Mlimba. Lakini tazama kisa cha Kidatu. Tawi la Reli ya Kati kutoka Kilosa lilikwisha fika hapo katika miaka ya 1960, nalo lina upana wa milimita 1,000 baina ya chuma na chuma, ilhali TAZARA ina milimita 1,067. Basi kwa sababu ya milimita 67, ambazo mtu huzipima kwa vidole vya mkono mmoja, behewa la huku haliwezi kuingia kule, na mzigo hauna budi kupakuliwa na kupakiwa upya. Hapo hapana wingi wa mabehewa wala umati wa watu, na bado pana foleni.

Dar es Salaam ni kisa kile kile kilichokuzwa. Sensa ya mwaka 1967 ilikuta watu 272,821 katika mji ule, na sensa ya mwaka 2022 ikakuta 5,383,728 katika mkoa, yaani takriban mara 20. Lakini njia kuu za kuingilia zilibaki zile zile nne zilizotawanyika kama vidole, yaani ya Bagamoyo, ya Morogoro, ya Pugu iitwayo sasa Nyerere, na ya Kilwa, zote zikielekea pwani ambako ofisi, bandari na Kariakoo zimekusanyika. Jiji likatanuka mpaka Kimara, Mbagala, Gongo la Mboto na Tegeta, kazi zikabaki kule kule, na kila asubuhi mamilioni huelekea upande mmoja, na kila jioni hurejea upande mmoja, na nusu ya barabara hukaa karibu tupu wakati nusu ya pili haisogei. Wabeba watu nao walibadilika: shirika la UDA, lililoundwa mwaka 1974, lilishindwa kuukimbiza mji, na kuanzia mwaka 1983 magari ya watu binafsi yakaruhusiwa, ndiyo daladala, ambazo zimeibeba Dar es Salaam kwa miaka 40 huku zikilaumiwa kila siku na watu wale wale waliomo ndani yake.

Tangu mwaka 2016 serikali imetumia fedha nyingi kupapanua mahali pembamba. Daraja la Kigamboni lilifunguliwa Aprili 2016. Barabara ya juu ya Mfugale, katika makutano ya TAZARA, Septemba 2018. Makutano ya ghorofa tatu ya Ubungo, yaliyopewa jina la Balozi Kijazi, Februari 2021. Na barabara ya Kimara hadi Kibaha, kilometa 19, ikafanywa ya njia nane. Hapana insafu katika kusema kwamba kazi hizi hazikufaa kitu, kwa maana aliyewahi kukaa Ubungo saa nzima akitazama taa zikigeuka rangi bila ya gari lake kusogea anajua alichookolewa. Lakini gari lililokuwa likingojea taa za TAZARA sasa hufika upesi zaidi kwenye taa zinazofuata, na huko hukuta wenzake waliofika upesi vile vile.

Mabasi ya mwendokasi, yaliyoanza Mei 2016 katika njia ya kilometa 20.9 kutoka Kimara hadi Kivukoni ya jijini, Gerezani na Morocco, yalifuata njia nyingine ya kufikiri, iliyojaribiwa Bogotá tangu mwaka 2000: badala ya kulipa gari njia zaidi, unalipa basi njia ya peke yake, ukapitisha watu wengi kwa magari machache. Fikra ni sahihi, na Dar es Salaam ilituzwa kwayo mwaka 2018 kwa tuzo ya kimataifa ya usafiri endelevu. Ila mabasi yalikuwa machache kuliko watu, na foleni, ambayo ilikuwa ya magari barabarani, ikawa ya miili vituoni: pale Kimara asubuhi utawaona watu walioacha mabasi matatu yapite kwa kukosa pa kukanyaga. Na masika yakizidi, bonde la Msimbazi hufurika pale Jangwani na njia hukatika, kwa sababu mto hauna habari na ratiba.

Duniani kote mambo ni hayo hayo, kwa tofauti ya kiasi. Mwaka 1962 Mmarekani Anthony Downs aliandika kwamba katika barabara kuu za mijini magari huongezeka saa za kilele mpaka yaujaze uwezo wa barabara. Na Houston, katika jimbo la Texas, iliithibitisha kanuni hiyo kwa gharama kubwa ilipoipanua barabara ya Katy ikafikia hata njia 26 katika baadhi ya sehemu mwaka 2008, na baada ya miaka michache muda wa safari saa za jioni ukawa umerefuka tena. Sababu yake haina uchawi: barabara ikiwa nyepesi, aliyekuwa akipanda basi hutoa gari, aliyekuwa akiondoka alfajiri huondoka saa moja, na aliyetaka kiwanja karibu na mji hununua mbali. Nairobi ilijenga barabara ya juu ya kilometa 27, ikafunguliwa mwaka 2022 kwa malipo, na mwenye fedha hupita juu huku asiyekuwa nazo akibaki chini katika foleni aliyoizoea. Singapore mwaka 1975, London mwaka 2003, na New York Januari 2025 zimechagua kumtoza mwenye gari anayeingia katikati ya mji, na foleni ikapungua. Lakini desturi hiyo hudai kwanza kuwapo basi au treni ya kumpokea aliyeliacha gari lake, la sivyo huwa ni adhabu tu kwa maskini mwenye kigari kibovu.

Tena kuna foleni isiyo na sababu ionekanayo kwa macho. Wataalamu wa Kijapani, katika jaribio walilolichapisha mwaka 2008, waliweka magari 22 katika duara la mita 230 na kuwaomba madereva waende kwa mwendo mmoja; hapakuwa na taa, wala shimo, wala ajali, na bado baada ya muda mfupi magari yakaanza kusimama, kwa kuwa mmoja alipunguza mwendo kidogo, wa nyuma yake akapunguza zaidi, na wa nyuma zaidi akakanyaga breki. Dereva wa bodaboda, anayelaumiwa kwa kila kitu, hakuwapo.

Nimerudi kwenye bodaboda, nami sitaki kuziacha bila ya kusema neno juu ya Ifakara, kwa sababu mji huu una mali ambayo miji mikubwa inaitafuta kwa fedha nyingi. Ardhi yake ni tambarare, na baiskeli ndiyo iliyokuwa gari la mkulima, la mwanafunzi na la muuza samaki tangu zamani. Baiskeli huchukua mtu, na gunia, na mtoto, katika nafasi ya barabara ambayo gari dogo lenye mtu mmoja halitoshi kusimama, na kwa hiyo njia yenye upana wa mita tatu na nusu hupitisha watu wengi zaidi kwa baiskeli kuliko kwa magari, mara kadhaa. Amsterdam na Copenhagen zimetumia nusu karne kuwarejesha watu kwenye baiskeli. Ifakara haijawatoa bado. Lakini atokaye Kibaoni kuelekea sokoni siku hizi hukuta baiskeli zimesukumwa ukingoni na bodaboda, na bodaboda zimesukumwa na bajaji, na bajaji na Noah, kwa utaratibu wa mwenye nguvu kumla asiye na nguvu. Na mzee mwenye baiskeli ya Phoenix aliyekuwa akipita katikati ya njia kwa adabu yake, sasa hupita katika mtaro. Mvua kubwa zikinyesha Udzungwa, Mto Lumemo huacha kingo zake na kuingia mitaani, kama ulivyofanya katika mafuriko ya mwaka 2024, na hapo magari yote, makubwa kwa madogo, hukimbilia njia chache zilizoinuka, na mji wa baiskeli hupata kwa muda foleni ya Dar es Salaam.

Kuna jambo lingine litakaloonekana mbele. Juni 2023 serikali ilitia saini mikataba ya barabara saba kubwa, na mojawapo ni ile ya kutoka Kidatu kupitia Ifakara, Lupiro, Malinyi, Kilosa kwa Mpepo na Londo hadi Lumecha karibu na Songea, zaidi ya kilometa 430. Ikikamilika, lori la mahindi kutoka Ruvuma, ambalo leo huzunguka Njombe na Makambako na Iringa ili lifike pwani, litakuwa na njia ya pili, fupi zaidi, nayo inapita juu ya daraja la mita 384 na katikati ya Ifakara. Sheria ya Barabara ya mwaka 2007 imeitengea barabara kuu hifadhi ya mita 60, lakini nyumba na vibanda katika miji midogo havikungoja sheria, na kuchepusha malori nje ya mji kunahitaji ardhi ambayo kila mwaka hupimwa viwanja vya kujenga. Mpunga wa bonde huvunwa kuanzia Mei. Kiwanda cha sukari hufungua msimu wake katikati ya mwaka. Na mahindi ya Songea huanza kusafiri miezi hiyo hiyo, baada ya mvua kukatika. Yote matatu yatakutana Kidatu, chini ya Udzungwa, katika ukanda ule ule wenye trekta la miwa mbele.